"Mwenye A ndiye wa kupelekwa" na dhana nyingine kuhusu mashindano ya hisabati

Nikikaa na vijana wa sekondari hapa Chake Chake, Pemba, kufanya maswali ya mashindano, nasikia maneno yale yale. Mengine ni yao, mengine ya wazee wao, na mengine, nasikitika kusema, ya walimu wenzangu. Yanawakatisha tamaa watoto wenye uwezo kabla hawajagusa swali la kwanza. Nitakaa zaidi kwenye lile la mwanzo, maana mengi ya yaliyobaki yamezaliwa humo.

"Mwenye A ya hisabati ndiye wa kupelekwa."

Mtihani wa taifa unapima kama umeelewa ulichofundishwa. Ukiliona swali, unajua limetoka mada gani na njia yake ni ipi. Mashindano yanakupa swali ambalo hakuna aliyekuonesha njia yake. Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, iliyoanza Romania mwaka 1959, ina maswali 6 tu kwa siku mbili: matatu kila siku, kwa saa nne na nusu. Yaani swali moja limetengewa saa moja na nusu, na kikokotoo hakiruhusiwi.

Mfano wa maswali ya aina hii tunao barazani. Bao lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane. Tuseme kipande kimoja cha dhumna kinafunika mashimo mawili yanayopakana. Vipande 16 vitalifunika bao zima, hilo halina ubishi. Sasa ziba shimo la kona moja, na la kona iliyo mkabala nayo kwa mshazari. Yamebaki mashimo 30. Je, vipande 15 vitayafunika yote?

Vijana huanza kupanga. Wanapanga, wanapangua, linabaki shimo hapa na shimo kule. Mwisho mmoja atasema haiwezekani, na ukimuuliza sababu atakwambia kwamba wamejaribu sana. Jibu lake ni sahihi, lakini bado hajathibitisha kitu, kwa sababu huenda upo mpangilio ambao hawajaufikia.

Uthibitisho ni huu. Yape mashimo rangi mbili kwa kupishana, jeusi na jeupe, ili kila shimo lipakane na la rangi nyingine tu. Kipande cha dhumna, ukikilaza popote, kitafunika jeusi moja na jeupe moja. Lakini zile kona mbili za mshazari zina rangi moja. Ukiziziba, yanabaki mashimo 16 ya rangi moja na 14 ya nyingine, na vipande 15 vinahitaji 15 kwa 15. Basi haiwezekani, kwako na kwa mwengine yeyote. Ukiziba kona mbili za safu moja badala yake, mambo yanabadilika: moja ni nyeusi, nyingine nyeupe, na vipande 15 vinaenea vizuri.

Hapo hapana fomula hata moja. Alama A haikuzuii kuliona wazo hilo, wala haikuhakikishii. Nimeona wanafunzi wa wastani waking'ang'ania swali kama hili hadi likafunguka, na mwenye alama za juu akaliacha baada ya dakika kumi kwa sababu hakuzoea kukwama. Kwa hiyo ukitafuta wa kumwandaa, mwangalie anayerudi kesho yake na swali lile lile mkononi.

"Lazima uwe mwepesi."

Yapo mashindano ya kuchagua jibu ambayo kasi inasaidia. Kwenye ya kuthibitisha, anayehitajika ni mvumilivu. Mazoezi yake ni kukaa na swali moja siku nzima, hata mbili, ukiandika kila ulichojaribu na kilipokwamia. Anayefungua majibu mapema anajinyima sehemu yenyewe ya mazoezi.

"Tuwahi kalkulasi."

Kalkulasi, ile hisabati ya kidato cha tano na sita, haihitajiki. Maswali ya olimpiadi yanatoka maeneo manne: aljebra, jometri, nadharia ya namba, na kombinatoriki, yaani hisabati ya kuhesabu namna na mipangilio. Kijana wa kidato cha tatu anayezijua vyema pembetatu, duara, namba tasa na ugawanyikaji ana pa kuanzia.

"Ukipata jibu umemaliza."

Kila swali la olimpiadi lina alama 7, na zinatolewa kwa hoja. Jibu tupu, hata likiwa sahihi, huenda lisipate kitu, na hoja nzuri isiyofika mwisho inaweza kupata alama moja au mbili. Dawa niliyoiona ikifaa ni kudurusu wawili wawili: mmoja anasoma uthibitisho wake kwa sauti, mwenzake anamkatiza kila asipoelewa, "Kwa nini?" Mianya yote hujitokeza. Naomba skuli zetu zilipe jambo hili nafasi, maana halina gharama.

"Kiingereza chake kibovu."

Kwenye olimpiadi ya kimataifa mshiriki anaruhusiwa kuandika kwa lugha anayoitaka. Vitabu vingi vya mazoezi ni vya Kiingereza, kwa hiyo istilahi zake ajifunze. Lakini kufikiri afikiri kwa Kiswahili chake, na tusimkatishe akieleza hoja kwa Kiswahili.

"Wasichana hawayawezi."

Maryam Mirzakhani wa Iran alipata medali ya dhahabu ya olimpiadi hii mwaka 1994 akiwa mwanafunzi wa sekondari, akarudi 1995 akapata alama zote 42. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kutunukiwa Medali ya Fields, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za hisabati duniani. Mzee anayemwondoa binti yake kwenye mazoezi ya Jumamosi kwa sababu hii hana hoja.

"Huku kisiwani hatuna vifaa."

Maswali ya olimpiadi tangu 1959 yamo kwenye intaneti bila malipo. Mtu mmoja mwenye simu na bando, awe Wete au Mkoani, anaweza kuyanakili kwenye daftari na kuwagawia wenzake. Chumba cha mtihani chenyewe kinataka kalamu, rula na bikari. Hata kipimapembe hakiruhusiwi.

"Asiporudi na medali, amepoteza wakati."

Kwa kanuni za olimpiadi, medali hazitolewi kwa zaidi ya takriban nusu ya washiriki, na hao wote wamechujwa kwenye nchi zao. Asiyepata medali lakini akatatua angalau swali moja kikamilifu hutunukiwa heshima maalumu. Kwa kijana wetu anayeanza, hilo ndilo lengo ninalompa: aache kurukaruka kwenye maswali yote, achague moja, aliandike mpaka mstari wa mwisho.