“Kwa hiyo Utatupima Malaria Lini?” Watu Wanavyoidhania Biokemia, na Ilivyo

Mjomba wangu anakaanga chipsi Kabwe, hapa Mbeya mjini. Siku nilipomwambia kwamba nasomea biokemia, alijifuta mikono kwenye aproni, akaniuliza, “Kwa hiyo utatupima malaria lini?” Sikumlaumu. Niko mwaka wa mwisho sasa, na swali hilo nimeshaulizwa na shangazi, mwenye nyumba, na hata jirani wa hosteli anayesoma uhasibu.

Dhana: Biokemia ni udaktari mdogo

Anayepima malaria hospitalini ni mteknolojia wa maabara. Ana masomo yake na baraza lake la kumsajili, na shahada yangu hainipi ruhusa ya kumchoma mtu kidole. Sisi tunasoma yanayotokea ndani ya seli: protini, vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia), sukari, mafuta. Na seli hazimo kwa mgonjwa tu, hata jani la chai la Rungwe au Mufindi linazo. Wengi wakisikia kwamba majani ya chai “huchachushwa” kiwandani hufikiri ni kama ulanzi, ile pombe ya mianzi ya Iringa. Ulanzi huchachushwa na hamira za asili. Jani la chai likisagwa, kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidesi hukutana na oksijeni, nalo hubadilika kuwa la kahawia. Chai ya kijani hupashwa moto mapema ili kimeng'enya hicho kife, na ndiyo maana hubaki kijani.

Kimeng'enya cha jamii hiyo hiyo ndicho kinachokipa weusi kiazi kilichomenywa. Kina mama huvitumbukiza viazi kwenye maji wala hawahitaji shahada: maji yanaikinga oksijeni isikifikie kiazi.

Dhana: Utafiti ni wa wenye PhD, mwanafunzi anaosha vyombo

Vyombo tunaosha, sikatai. Lakini mwaka 1966 Hudson Freeze, mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alikuwa akifanya kazi na Thomas Brock kwenye sampuli za chemchemi za maji moto za Yellowstone. Alimuotesha bakteria anayestawi kwenye joto la nyuzi 70 hivi, nao wakachapisha maelezo yake mwaka 1969. Kimeng'enya cha bakteria huyo, Taq polimerasi, ndicho kilichokuja kuifanya PCR iwe kazi rahisi, njia ya kunakili DNA mara nyingi iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983 na kumpa Nobeli mwaka 1993. Vipimo vingi vya kifua kikuu na UVIKO vimesimama juu yake. (Sisi nasi tuna maji moto kule bonde la Songwe. Kila nikipita huko huwa natazama tope lake kwa tamaa.)

Dhana: Jaribio likigoma, mwanafunzi ni mzembe

Hapa nitakaa kidogo, maana pamenigharimu wiki nzima.

Mradi wangu ulikuwa kupima nguvu ya kile kimeng'enya kinachovipa weusi viazi mviringo. Nilinunua sado moja sokoni Mwanjelwa, nikasaga, nikachuja, nikaiweka juisi kwenye barafu. Mashine ya barafu ya maabara ilikuwa imekufa, kwa hiyo barafu ilitoka dukani, zile za mifuko. Unachanganya juisi na katekoli, kemikali ambayo kimeng'enya hicho huibadilisha, mchanganyiko unageuka kahawia, na spektrofotomita inasoma ukolevu wa rangi kila sekunde 30. Pembeni unaweka tyubu ya kulinganishia, ambayo juisi yake imechemshwa ili kimeng'enya kife. Hiyo haitakiwi kubadilika.

Ikabadilika. Si sana, ila kahawia ilikuwepo.

Nikayashuku maji. Nikatia kipimajoto kwenye sufuria iliyokuwa ikitokota: nyuzi 94. Nikakitupia lawama kipimajoto, nikaazima kingine, nacho kikasema 94. Fundi sanifu wa maabara akacheka mpaka akakaa. “Mdogo wangu, hapa ni Mbeya, siyo Tanga. Maharage ya kwenu huwa yanaiva saa ngapi?” Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji yanatokota kabla ya kufika 100. Kitabu kilisema 100, nami nimezaliwa hapa hapa nisijue.

Lakini nyuzi 94 kwa dakika kumi zinatosha kukiua kimeng'enya hiki, kwa hiyo maji hayakuwa na kosa. Siku ya nne ndipo nilipoweka tyubu yenye katekoli na bafa (kimiminika cha kutuliza uasidi) tu, bila kiazi. Nayo ikawa kahawia. Nilikuwa natumia katekoli niliyoikoroga jana yake, na ikikaa kwenye hewa inajigeuza rangi yenyewe. Nikakoroga mpya asubuhi, nikarudia mara tatu, tyubu ya kulinganishia ikatulia. Msimamizi wangu hakunipongeza. Alisema tu niyaandike yote kwenye daftari, pamoja na vile vipimajoto viwili.

Dhana: GPA ndiyo kila kitu

Ni mlango, na usipokuwa nayo unapata tabu kweli kupata nafasi ya uzamili. Ila nilipoomba kwenda fildi niliulizwa kuhusu mikropipeti, kifaa cha kupimia matone madogo ya kimiminika, siyo GPA.

Dhana: Kazi za fani hii ziko Dar au nje

Mbeya ina kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina kanda hapa. Mafinga kuna kiwanda cha pareto, na Uyole, hapa Mbeya, kuna TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, wanaoshughulika na viazi mviringo. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi, hilo silifichi. Mpango wangu ni miaka miwili ya usaidizi wa utafiti, ikiwezekana kwenye viazi, kisha uzamili.

Na swali tayari ninalo, limetoka kwa mjomba. Analalamika kwamba ikifika Julai chipsi zake zinakuwa nyeusi kabla hazijaiva, na wateja wanasema mafuta ni machafu. Mafuta hubadilisha. Kiazi kinachokaa kwenye baridi kali hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo inayofanya weusi kwenye mafuta ya moto, siyo kile kimeng'enya changu. Nashuku stoo yake, ile ya mabati isiyo na dari. Nimemwomba aniwekee viazi vitatu kutoka kila gunia na aandike tarehe. Ameanza kuandika, kwa chaki, ukutani.