Kibali cha Kanjo si Leseni ya Kutibu Akili

Nimetumiwa tena ile picha. Mama anataka kumpeleka kijana wake kwa mtaalamu huko Kilimani, akapiga picha ya fremu iliyo ukutani pale mapokezi, akaniandikia: "Daktari, huyu ana leseni, sivyo?" Nikaikuza. Kibali cha biashara cha Kaunti ya Jiji la Nairobi. (Na mimi si daktari, lakini tutafika huko.)

Kibali hicho kinasema jambo moja tu: mwenye chumba amelipa kanjo. Kinyozi wa ghorofa ya chini anacho. Duka la vipuri pale Kirinyaga Road linacho. Kumpima mtaalamu kwa kibali hicho ni kuona stika ya bima kwenye kioo cha matatu ukaridhika kwamba dereva anajua kuendesha. Hata kliniki yenyewe ikiwa na leseni halali ya kituo cha afya, bado hujaambiwa lolote kuhusu mtu atakayeketi mbele yako.

Ya haraka kwanza. Daktari wa magonjwa ya akili alisomea udaktari, kisha akarudi darasani kusomea akili. Anasajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ambalo rejista yake iko mtandaoni: andika jina, tazama. Tabibu (clinical officer) wa akili yuko chini ya Baraza la Matabibu, muuguzi wa akili chini ya Baraza la Wauguzi. Usiwadharau hawa, wanabeba sehemu kubwa ya kazi nchini. Sisi wanasaikolojia na washauri nasaha hatuandiki dawa, hata tukiwa na PhD na mkituita daktari mpaka tukajiamini.

Mtu akiwa hatarini usiku huu, achana na rejista. Mpeleke idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu. Hospitali ya akili ya Mathari iko hapo Thika Road. Wala usifiche kwamba alijaribu kujiua kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jambo hilo kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

Sasa linaloniudhi. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ni ya 2014, na ndiyo iliyounda Bodi yetu. Kabla ya hapo tulikuwa na vyama tu, kama KCPA, chama cha washauri nasaha na wanasaikolojia, na vyeti vya uanachama vingali vinaning'inia kwenye kuta nyingi mjini. Chama ni kitu kizuri: kina mafunzo, kina maadili, kina wenzako wa kukukemea. Lakini chama kikikufukuza leo, kesho unaweza kukodi chumba kingine ukaendelea. Bodi ndiyo yenye mamlaka ya kukupa au kukunyima ruhusa ya kufanya kazi. Halafu kuna cheti cha semina ya wikendi kuhusu kiwewe, chenye muhuri mkubwa wa dhahabu kuliko cha chuo kikuu. Kadiri muhuri unavyong'aa ndivyo ninavyotilia shaka.

Hata usajili wenyewe si leseni. Usajili unasema ulikubaliwa kwenye taaluma. Leseni inasema unaruhusiwa kufanya kazi sasa hivi. Ina tarehe ya kuisha. Isome! Na tafuta kwa majina yote matatu ya kitambulisho, maana Nairobi mtu anajulikana kwa jina la Instagram, halafu ukimkosa kwenye rejista unadhani ni tapeli. Pengine ni jina tu, au amechelewa kulipia upya. Mpigie umuulize.

Lakini leseni haikuambii kama atakufaa. Nina wenzangu wenye karatasi zote ambao nisingewapelekea dada yangu. Tena namjua mama mmoja wa kanisa, Kayole, asiye na cheti chochote, na watu hutoka kwake wakiwa wepesi kuliko wanavyotoka kwangu. Sina jibu safi juu yake. Nisingempelekea mtu anayesikia sauti, hilo nina hakika nalo. Mjane anayehitaji kulia? Huenda ningempeleka.

Kwa hiyo ukipiga simu, uliza namba ya usajili na ni ya bodi au baraza gani, kisha uliza lugha. Tumefunzwa karibu kila kitu kwa Kiingereza, na mtu akianza kuomboleza kwa Kiluo mbele yangu nabaki nikidaka vipande. Bei utaambiwa hata usipouliza. La mwisho, uliza nani anamsimamia kikazi. Swali hilo huwashtua wengi, ilhali hata mtaalamu mkongwe anapaswa kuwa na mwenzake wa kumpelekea kesi zinazomshinda. Mimi ninaye, na kuna siku naenda kwake shingo upande.