Kanji hazisomwi bila maneno

Wiki hii mwanafunzi mwingine ninayemfundisha Kijapani amenifungulia daftari lake kwa fahari. Ukurasa mzima ni kanji moja, yaani herufi ya Kijapani yenye asili ya Kichina, 生: onyomi zote (matamshi yaliyotoka Kichina), kunyomi zote (matamshi ya Kijapani chenyewe), na maana kwa wino mwekundu. Nikaandika 学生 ubaoni, neno la somo la kwanza kabisa. Akakwama. Herufi anaijua, neno halijui.

Wanafunzi huniambia mengi. "Nihifadhi kwanza matamshi yote ya kila kanji, maneno yatafuata." Hapana, maneno ndiyo yatangulie! Herufi hiyo 生 husomwa *sei* katika 学生 (gakusei, mwanachuo), *jō* katika 誕生日 (tanjōbi, siku ya kuzaliwa), *i* katika 生きる (ikiru, kuishi) na *nama* ikisimama peke yake kwa maana ya kibichi. Neno ndilo linaloamua sauti. Mwenye orodha ya sauti asiye na maneno atabahatisha kila mstari. Na yapo maneno yasiyotii orodha yoyote: 大人, mtu mzima, ni *otona*, wala huwezi kuikata sauti hiyo vipande viwili ukaigawia kila herufi chake.

Wanafunzi wangu nawataka walisikie neno kwanza, ndani ya sentensi fupi, waliandike kwa hiragana (herufi za Kijapani za sauti tu), ndipo waje kwenye kanji. Ukishazijua 先生 (sensei, mwalimu) na 学生, *sei* umeipata bila kuikariri. Maneno kumi kwa siku yanatosha. Kwa mwenye kazi na watoto, matano. Ya jana yarudiwe kabla ya kugusa mapya. Hili silegezi.

Huniambia pia: "Kanji ni picha." Chache tu, kama 山 (mlima) na 木 (mti). Nyingi zimeungwa kwa sehemu ya maana na sehemu ya sauti. Tazama 清 na 晴: zote zina onyomi *sei*, sauti inayotoka kwa 青 iliyo upande wa kulia. Kushoto, ya kwanza ina maji, nayo ni usafi; ya pili ina jua, nayo ni anga kutakata.

"Romaji inatosha mwanzoni." Kuandika Kijapani kwa herufi za Kilatini kwa siku chache, sawa. Hiragana za msingi ni 46 tu, na irabu zake ni a, i, u, e, o, tulizozizoea katika Kiswahili.

"Wajapani wangeandika hiragana tupu." *Kami* ni karatasi (紙), nywele (髪) na mungu (神). Maneno ya namna hii ni mengi mno, na Kijapani cha kawaida hakiachi nafasi kati ya neno na neno. Kanji ndizo zinazokuonyesha neno linapoanzia.

"Nitaanza kusoma nikimaliza kanji 2,136." Hiyo ni orodha ya jōyō ya mwaka 2010, orodha rasmi ya Japani ya kanji za matumizi ya kawaida. Mtoto wa Kijapani hufundishwa 80 katika darasa la kwanza, na 1,026 hadi amalize la sita, na miaka yote hiyo anasoma vitabu. Tafuta hadithi za watoto zenye furigana (hiragana ndogo kando ya kanji zinazoonyesha matamshi), uanze na ukurasa mmoja jioni hii.