Seva ya Minecraft ikigoma: kukataliwa si kutojibiwa

Seva yetu ya Minecraft yenye modi (nyongeza za mchezo) ikigoma, vijana ninaocheza nao hapa Kampala huandika neno moja tu kwenye grupu la WhatsApp: "Imekufa." Mimi huwaomba picha ya skrini, maana "Connection refused" na "Connection timed out" ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kujiunga na seva ni kupiga hodi. "Connection refused" maana yake nyumba umeipata na umejibiwa: kompyuta iko hewani, ila kwenye poti (mlango wenye namba) uliyogonga, kwa kawaida 25565, hakuna programu inayosikiliza. Seva haijawashwa, imeanguka ikipakia modi, au umekosea namba ya poti. Usihangaike na bando lako. Mwenye seva aingie folda ya logs, afungue latest.log, asome mistari ya mwisho.

"Connection timed out" ni hodi isiyoitikiwa. Labda anwani ya IP si yenyewe, umeme umekatika kwa mwenye seva, faiwoli inazuia kimya kimya, au ruta haijafunguliwa poti. Ila kwa sisi wa intaneti ya laini ya simu, mchawi mara nyingi ni CGNAT: kampuni ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Mwenzetu wa Jinja alishinda Jumamosi nzima akifungua poti kwenye ruta, na bado kimya. Nilimwambia anisomee anwani ambayo ruta imepewa na mtandao. Ilianza na 100.72. Anwani za 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zimetengwa kwa ajili ya CGNAT, kwa hiyo hodi za nje zilikuwa zikiishia kwa kampuni, hata angefungua poti zote. Tuliweka Tailscale, programu inayounganisha kompyuta kama ziko mtandao mmoja, kwenye kompyuta zetu, tukaingia usiku uleule.

Modi zisipolingana ni kesi nyingine: mtandao ni mzima, mlango umefunguliwa, ila Forge, programu inayopakia modi, imekagua orodha yako na ya seva ikaona hazifanani. Linganisheni majina ya faili za .jar hadi tarakimu ya mwisho, kwani modi ya Minecraft 1.20.1 na ya 1.20.4 si moja. Sisi siku hizi mwenye seva huwapa wote folda yake nzima ya mods, kwa flashi.