Hawala sio karatasi

Nikiwa mdogo hapa Ngamiani, Tanga, ukisikia "hawala imekuja" ujue bibi anajifunga ushungi aende posta, akirudi anarudi na hela alizotumiwa na mjomba. Kwaiyo wengi tumekua tukijua hawala ni ile karatasi ya posta, na kamusi nazo zinakupa hivohivo, hati ya malipo, basi. Mi kazi yangu ni maneno ya Kiarabu yalioingia Kiswahili na hili naona limepunjwa sana.

Mzizi wake ni herufi tatu za Kiarabu, ha, waw, lam, yani kugeuka, kuhama toka hapa kwenda pale. "Hali" imetoka humohumo, hauli, kile kisomo cha kumkumbuka marehemu kinachosomwa mwaka ukitimia, nayo humohumo, mpaka ile "lahaula!" ya wazee. (Wakala hamo kabisa, huyo ni nduguye wakili, watu wanachanganya sababu ya mlio tu.)

Sasa kinachohama kwenye hawala ni deni, sio pesa. Chukulia namdai fundi wa Chumbageni elfu 50, na muuza nazi wa Pangani ananidai mimi elfu 50, namwambia muuza nazi chako kachukue kwa fundi, akiridhia basi mi deni limenitoka, hakuna noti iliotolewa mfukoni na watu wawili washamalizana. Kwa fiqhi, yani sheria ya dini, ya madhehebu ya Kishafii tunayoifuata huku pwani fundi wala haombwi ridhaa, na hata akija kufilisika kesho muuza nazi hawezi kunirudia mimi, ndo maana anatakiwa aangalie vizuri kabla hajakubali. Na kuna hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim kwamba mtu akihamishiwa deni lake kwa mwenye uwezo, akubali. Hii habari yote iko ndani ya neno moja na sisi tumebakisha karatasi!

Hundi ni jambo la karibu ila ukoo mwingine, hiyo imetoka kwa Wahindi, barua ya kumwagiza mtu alipe, leo tunaiita cheki.

Ukienda kwa wakala wa simu hapa barabara ya 12 ukamtumia dada elfu 20 Muheza, hakuna noti iliopanda basi, dada analipwa kwenye droo ya wakala wa kulekule, kilichosafiri ni deni. Hawala ileile ya bibi, jina tu ndo tumeliacha posta.