Kusafisha filamu ni kazi moja, kuiosha ni nyingine

Kiswahili chetu kina neno moja, "kusafisha", kwa kazi nzima: tangu filamu inapoingia kwenye devlopa, dawa ya kuitokeza picha, hadi picha inapotoka. Nadhani neno hilo limewaponza wengi, nami nimo. Filamu ikishatoka kwenye fiksa, dawa ya kuidumisha picha isiharibiwe na mwanga, na picha zinaonekana, unajiona umemaliza. Unaichovya ndooni mara mbili, unaianika. Ndivyo nilivyofanya miaka yangu ya mwanzo. Negativu zile za nyeusi na nyeupe zilikaa vizuri bahashani kwa muda mrefu, kisha zikaanza kuota madoa ya rangi ya chai. Zimo picha za harusi ya dada yangu, na doa la namna hiyo halitoki.

Kiini cha fiksa ni thiosulfati. John Herschel aliandika tangu mwaka 1819 kwamba inayeyusha chumvi za fedha, miaka 20 kabla upigaji picha haujatangazwa duniani. Inaondoa fedha ambayo haikupigwa na mwanga, na hapo ni rafiki. Ikibaki ndani ya jelatini, utando mwembamba wa filamu unaobeba picha, huoza polepole na kutoa salfa, na salfa hiyo huishika fedha ya picha yenyewe na kuigeuza kahawia. Joto na unyevu wa huku Pwani huiharakisha kazi hiyo.

Ukitaka kuelewa namna inavyotoka, fikiria papa mkavu. Chumvi haikukaa juu ya ngozi, imo ndani ya nyama. Hakuna mpishi anayemweka papa chini ya bomba akangoja chumvi iishe. Anamloweka, anasubiri, anamwaga, anamloweka tena kwenye maji mapya. Filamu ni hivyo hivyo. Fiksa inahitaji muda wa kutoka kwenye jelatini, na maji mapya ya kuipokea. Bomba lililofunguliwa nusu saa linapoteza maji tu.

Ndiyo maana naipenda njia ya Ilford, kampuni ya filamu ya Uingereza, ambayo ni ya filamu zilizopita kwenye fiksa ya haraka isiyo na kigumisho, yaani dawa ya kuikaza jelatini. Jaza maji tangi la kusafishia filamu, funga, lipindue mara 5, mwaga. Jaza tena, mara 10, mwaga. Jaza tena, mara 20, mwaga. Mimi naongeza maji ya nne na kuyaacha dakika 5. Tangi langu la filamu moja ya milimita 35 linachukua kama mililita 300, kwa hiyo pamoja na suuzo la mwisho natumia lita moja na nusu, chupa moja ya maji ya dukani. Siku za mgao wa maji hilo si jambo dogo.

Joto la maji lisitofautiane na la dawa kwa zaidi ya nyuzi 5 za Selsiasi. Maji ya tangi la juu ya paa mchana wa Februari ni ya moto kabisa, na jelatini ikishtuliwa hujikunja mikunjo midogo isiyonyooka tena. Nachota maji yote kabla sijaanza, nayaweka pamoja na dawa ndani ya beseni lenye barafu, na nafanya kazi kwa nyuzi 24 badala ya kung'ang'ania 20.

Watu wa bahari watalipenda hili: wapiga picha wa majeshi ya majini waliona kwamba maji ya bahari hutoa thiosulfati haraka kuliko maji matamu. Huko ndiko zilikotoka dawa za kusaidia kuosha, zenye sodiamu salfaiti. Usibebe ndoo kutoka Coco Beach, maana chumvi ya bahari nayo lazima iondolewe kwa maji matamu. Gramu 20 za salfaiti kwa lita moja, dakika 2, zinatosha. (Salfaiti, si salfeti; soma lebo.) Filamu haiihitaji sana kwa kuwa plastiki hainywi fiksa. Karatasi ya kuchapia picha isiyo na plastiki, ile ya nyuzi, ndiyo inayoihitaji kwelikweli.

Ila fiksa iliyochoka haioshwi na maji yoyote. Inaacha michanganyiko ya fedha isiyoyeyuka. Chovya kwenye fiksa kipande cha mwanzo wa filamu ambacho hakijasafishwa, hesabu sekunde hadi kiwe angavu. Zikifika mara mbili ya zile za fiksa mpya, achana na fiksa hiyo.

Suuzo la mwisho nalifanya kwa maji ya betri yaliyokenekwa, yale ya kuongezea, si asidi, pamoja na matone machache ya dawa ya kulainisha maji. Maji ya visima vyetu yana chokaa na huacha alama yakikauka. Halafu sipangusi. Jelatini iliyolowa ni laini kama malai juu ya maziwa, na chembe moja ya mchanga kidoleni inachora mstari filamu nzima. Kibanio cha nguo juu, kingine chini kuivuta, nafunga mlango wa bafu hadi asubuhi.