Wavu wa kumrudisha trauti mtoni: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Wavu ni wavu tu.” Ndivyo wasemavyo wengi wanaovua samaki aitwaye trauti kwa burudani, kisha wakamrudisha mtoni akiwa hai. Nimelisikia tena wiki jana kando ya Mto Gura, Kenya, mto uliopandwa trauti kutoka Uskoti mwaka 1905. Mgeni wangu alikuja na ufito wa bei ghali, nzi bandia (chambo) wa kila rangi, na wavu wa nailoni wenye mafundo. Nilimwomba auache garini.

Watu huupapasa wavu huo wakasema ni laini. Laini kwa nani? Trauti amefunikwa ute, na ute huo ndio kinga yake dhidi ya kuvu na bakteria. Anapojipigapiga ndani ya wavu, mafundo huukwangua, hung'oa magamba na kuchana mapezi, la mkia hasa. Ukimwachia anachomoka mbio, nawe unafurahi. Siku kadhaa baadaye, pale alipochubuka huweza kuota mabaka meupe kama pamba. Hiyo ni kuvu, na wewe umesharudi Nairobi. Ndiyo maana dhana hii haifi: anayemuumiza samaki hayaoni madhara.

Nunua wavu wa mpira, au wa nailoni isiyo na mafundo iliyopakwa mpira. Macho ya wavu yawe madogo, pezi lisipenye. Kitako kiwe kipana na bapa, samaki alale amenyooka. Mfuko mrefu humkunja. Tena ndoana hainasi kwenye mpira, wakati kwenye nailoni utahangaika kuichomoa huku samaki akitaabika. Ni mzito, nakubali, na mkondo huuvuta. Utazoea. Ila uloweshe kwanza, maana mpira mkavu nao huondoa ute.

“Mkono unatosha.” Samaki akiteleza utamminya, na kuminywa tumboni humuumiza ndani. Wavu pia hukusaidia kumaliza kumvuta mapema, kabla hajaishiwa nguvu.

“Mto mdogo, wavu mdogo.” Pima samaki, usipime mto. Aingie kichwa kwanza, mwili wote utoshe. Ukivulia juu ya ukingo, chukua mpini mrefu.

“Akishanaswa, mpandishe tupige picha.” Hapana! Wavu ubaki majini, samaki ndani yake, mpaka kamera iwe tayari. Lowesha mikono, mnyanyue kwa sekunde zisizozidi 10, kisha mrudishe majini, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, uinamishe wavu atoke mwenyewe.